Mwanangu, Wewe Umewahi Kulivaa?

  Kama unaisoma safu hii kabla ya kwenda ibadani, weka Biblia yako karibu. Tutafungua sehemu tatu: 1 Samweli 17:38-39, Mathayo 23:1-4 na Waebrania 4:14-16. Lakini kabla ya kuzifungua, twende kwanza Kasumulu.

Anayepajua Kasumulu, wilayani Kyela, anajua kuwa ni mahali pa pilikapilika. Ni mpakani. Mto Songwe uko hapo, na ng'ambo yake ni Malawi. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wanahesabu kwacha na shilingi, bodaboda wanagombea abiria, akina mama wanauza ndizi na mchele. Na kwa kuwa Ziwa Nyasa haliko mbali, hukosi kukuta duka la vifaa vya majini: nyavu, kamba, maboya, taa za sola, mabuti, makoti ya mvua na majaketi ya kuokolea maisha.

Miezi michache iliyopita nilisimama kwenye duka la namna hiyo kununua tochi. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja mvuvi. Alikuwa ameshika jaketi la kuokolea maisha, analiminya kwa vidole, anavuta kamba zake kuona kama zitakatika. Kijana wa dukani alikuwa anamweleza kwa ufasaha kama aliyekariri: "Hili ni imara, baba. Ziwa likichafuka namna gani, ukilivaa hili unaelea tu."

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe umewahi kulivaa?"

Kijana akatazama chini. "Hapana, baba. Sijawahi."

Mzee akalirudisha jaketi kwenye msumari wake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akasema, "Ndaga," akaenda zake.

Kijana yule ananifahamu, aliwahi kuimba kwaya katika usharika niliohudumu. Mzee alipoondoka akanisogelea, akanieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria hadi leo. Mara mbili kwa mwezi hupanda mtumbwi wa injini kupeleka bidhaa za duka katika vijiji vya mwambao visivyofikika kwa gari. Hubeba majaketi kumi, wakati mwingine kumi na tano. Yote yamefungwa kwenye nailoni. Bosi amekataza yasifunguliwe, maana yakichakaa hayauziki. Basi kijana huyapanga chini na kuketi juu yake, mawimbi yakipiga mtumbwi kulia na kushoto.

Hebu litafakari hilo, msomaji wangu. Mtu amekalia wokovu wake.

Lakini hakuwa amemaliza. Akasema siku hizi wateja wengi wanauliza swali kama la yule mzee, na habari zimemfikia bosi. Bosi ametoa agizo jipya: kuanzia mwisho wa mwezi kila mfanyakazi avae na kutumia bidhaa za duka. Jaketi, buti, koti la mvua na taa ya kichwani. Na bei ya vitu vyote hivyo itakatwa kwenye mshahara kwa miezi mitatu. Kijana analea wadogo zake wawili wanaosoma. Akaniuliza, "Mchungaji, hii ni haki?"

Costa ya kwenda Mbeya ilikuwa inapiga honi. Nikamjibu haraka haraka, "Mtii bosi wako, mwanangu. Maandiko yamesema watumwa wawatii mabwana zao." Nikapanda gari.

Tulipofika Tukuyu, moyo ulikuwa umeshanihukumu. Nilikuwa nimempa kijana Waefeso 6:5 nikamficha Waefeso 6:9, pale mabwana wanapoonywa kwamba wao nao wana Bwana wao mbinguni asiyependelea mtu. Nilisahau pia Wakolosai 4:1, panapowataka mabwana wawape watumwa wao yaliyo ya haki. Nilimpa nusu ya Neno, na nusu ya Neno inaweza kumuumiza mtu kuliko kumponya. Safu ya leo ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na swali la mzee, kwa sababu lilikuwa swali la haki kabisa.

Ipo biashara duniani ambayo swali hilo limekuwa desturi. Ni biashara ya kuzamia majini. Ukienda Zanzibar, Mafia au Pemba utakuta maduka ya wazamiaji. Na katika ziwa letu hili, upande wa Malawi, wageni huenda Nkhata Bay na Cape Maclear kuzamia na kuwaona samaki wadogo wa rangi ambao Ziwa Nyasa limesifika kwao. Baadhi yao hupitia hapo hapo Kasumulu na mabegi yao mgongoni. Maduka ya namna hiyo huuza miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, mitungi ya hewa na vifaa vya kupumulia. Na katika mengi, hapa Afrika hata Ulaya na Marekani, mfanyakazi hutarajiwa kuvaa kile kile kinachouzwa dukani. Mwalimu wa kuzamia hawezi kukusifia kifaa cha kupumulia huku yeye akishuka majini na cha kampuni nyingine. Mgeni atamtazama mwilini kabla ya kumsikiliza mdomoni.

Desturi hiyo ina busara yake. Aliyevaa ndiye anayejua kamba inakata wapi, kifungo kipi kinakataa mikono ikiwa na baridi, miwani ipi inavuja. Mwaka 1943, mhandisi Émile Gagnan na ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Jacques Cousteau, walipobuni kifaa cha kupumulia kilichofungua mlango wa uzamiaji wa leo, Cousteau hakutafuta kibarua wa kumjaribia. Alikivaa mwenyewe akazama nacho.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Nenda Matema siku ya Jumamosi, kwenye soko la Lyulilo, uwaone akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Mama wa Kikisi akikwambia chungu hiki kinafaa kwa maharage, hasomi maelezo kwenye karatasi. Ameujua udongo kwa mikono yake, na moto wa kuni ameujua jikoni kwake. Ndiyo maana neno lake lina uzito.

Sasa fikiria uzito wa jambo lenyewe. Ziwa letu ni zuri, lakini si la kuchezea. Upepo wa kusini ukivuma, mawimbi yake humtisha hata mvuvi wa miaka mingi. Julai mwaka 1946 meli iliyoitwa Vipya ilizama katika ziwa hili upande wa Malawi, wakapotea watu zaidi ya mia moja. Na katika Ziwa Victoria, hatujasahau Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuwaacha Watanzania wakizika zaidi ya watu mia mbili. Sisemi kwamba kila ajali ingezuiwa na jaketi; ajali zina sababu nyingi. Nasema tu kwamba jaketi lililofungwa kwenye nailoni halimwokoi mtu yeyote.

Kuna habari ya kale kutoka Uingereza inayolieleza jambo hili vizuri. Februari 9, 1861, tufani kubwa iliipiga pwani ya mji wa Whitby. Wanaume 13 waliokuwa katika mashua ya uokoaji walitoka mara kadhaa siku hiyo kuwaokoa mabaharia. Safari ya mwisho mashua ikapinduka. Watu 12 wakafa maji. Akapona mmoja, Henry Freeman. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amevaa jaketi la aina mpya, lililotengenezwa kwa gome jepesi la mti linaloelea. Lilikuwa limebuniwa miaka michache nyuma na Kapteni Ward. Ziwa na bahari havimuulizi mtu kama anajua habari za jaketi. Vinauliza kama amelivaa.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya jibu langu ni hii: ndiyo, kijana wangu, livae. Usiuze usichokijua. Waswahili husema mganga hajigangi, na wengi tumeifanya methali hiyo kuwa mto wa kulalia. Mhubiri wa msamaha ana ndugu hajasemeshana naye miaka mitano. Mzee wa kanisa anayewafundisha vijana uaminifu ana deni la watu analolikimbia. Mzazi anamwambia mtoto asome Neno, naye Biblia yake iko juu ya kabati, bado imo kwenye nailoni iliyotoka nayo dukani. Tumekalia majaketi, wapendwa. Nami mwandishi nimo.

Lakini sasa tufike kwenye nusu ya pili, ile niliyoikimbia kwa sababu ya honi ya gari.

Soma Mathayo 23:1-4. Yesu anawaambia makutano kuhusu walimu wa sheria ambao husema lakini hawatendi. Hilo ndilo swali la mzee wetu. Ila usiishie hapo, soma na mstari wa nne. Kosa lao jingine ni kufunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, huku wao wenyewe hawataki kuigusa hata kwa kidole. Yesu ameyaweka makosa haya mawili pamoja. Ukimwambia mwenzako avae usichovaa wewe, umekosa. Ukimvisha kisha ukamlipisha ili wewe upate faida, umemtwika mzigo.

Tazama vizuri agizo la bosi yule. Ndani yake kuna vitu vya aina mbili. Kuna jaketi, ambalo kijana analihitaji ili asife akiwa kazini. Hilo ni kinga ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga pale kazi inapomweka hatarini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachii mwajiri akate anavyotaka. Makato lazima yawe na msingi wa sheria au makubaliano, na deni likatwe kwa ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi.

Kisha kuna taa ya kichwani na koti la mvua, ambavyo kijana anavalishwa akiwa ndani ya duka ili wateja wavione. Hilo ni tangazo. Na mimi nauliza: bango lililo juu ya mlango wa duka lilinunuliwa na nani? Si mwenye duka? Basi mfanyakazi aliyevikwa bidhaa ili wateja wavutiwe ni bango linalotembea. Tangu lini bango likakatwa mshahara?

Sisemi ni dhambi kumuuzia mfanyakazi bidhaa za duka. Akitaka taa ya nyumbani kwake, muuzie, tena kwa bei nafuu, naye atakushukuru. Dhambi inaanzia pale anaponunua kwa hofu ya kufukuzwa, kisha tukaita hofu hiyo utii.

Sasa fungua 1 Samweli 17:38-39. Kwa miaka mingi nimeihubiri sura hii nikikimbilia kombeo na jiwe, nikaipita mistari hii miwili. Daudi anakwenda kupigana na Goliathi. Mfalme Sauli anamvika mavazi yake ya vita: chapeo ya shaba kichwani, darii kifuani. Daudi anajaribu kutembea, anaona haiwezekani. Anamwambia mfalme wazi kwamba hawezi kwenda na vitu hivyo kwa sababu hajavijaribu. Anavivua.

Mambo matatu yananigusa hapa. Kwanza, Daudi hakusema uongo. Hakusifia darii ya mfalme ili apate upendeleo. Alisema sijavijaribu, kama kijana wetu alivyosema sijawahi. Nataka nimpongeze kijana yule, maana angeweza kudanganya, mzee akanunua, na duka likapata fedha. Alikosa mauzo lakini hakuipoteza nafsi yake.

Pili, Sauli hakumtoza Daudi. Alivua mavazi yake mwenyewe akampa bure, na Daudi alipokataa, mfalme hakukasirika wala kumfukuza. Sauli alikuwa na makosa mengi, lakini siku hiyo aliwapita waajiri wengi wa leo wanaokwenda kanisani kila Jumapili.

Tatu, na hili ni la uchungu. Mstari wa 16 unasema Goliathi alitokea asubuhi na jioni kwa siku 40. Siku zote hizo darii ya Sauli ilikuwapo kambini. Mfalme alikuwa nayo, wala hakutoka nayo kwenda kupigana. Ilikuwa nzuri na imara, lakini haikumsaidia mtu, kwa sababu mwenyewe hakuwa tayari kwenda nayo mahali pa hatari.

Ndiyo maana namshukuru Mungu kwa Waebrania 4:14-16. Tunaambiwa kwamba Kuhani Mkuu wetu si mtu asiyeweza kuchukuana nasi katika udhaifu wetu. Yeye alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kutenda dhambi. Mwana wa Mungu hakusimama ufukweni akitutangazia wokovu kwa maneno mazuri. Aliuvaa mwili wetu, akaona njaa, akachoka, akalia kaburini kwa rafiki. Tufani ilipoipiga mashua katika Marko 4, yeye alikuwa ndani ya mashua ile ile, si nchi kavu. Ukimuuliza Yesu swali la mzee wa Kasumulu, "Wewe umewahi kulivaa?", atakuonyesha mikono yake.

Na gharama alilipa nani? Alilipa yeye. Hakutuvika haki yake kisha akatukata kidogo kidogo kila mwezi. Huo ndio mfano wa Bwana kwa kila aliye bwana wa mwenzake: vaa wewe kwanza, kisha mvike mwenzako kwa gharama yako.

Basi, mpendwa, wiki hii fanya jambo moja. Kama wewe ni mwajiri, nenda kaangalie wafanyakazi wako wanakalia nini. Unauza mabuti, na kibarua wako anapakua mizigo kwa ndala? Una duka la dawa, na msaidizi wako anakohoa mwezi wa pili hajatibiwa? Unanunua kakao ya Kyela, na mtoto wa mkulima hajawahi kuonja chokoleti? Paulo anamwambia Timotheo, katika 2 Timotheo 2:6, kwamba mkulima mwenye kutaabika anastahili kuwa wa kwanza kupata sehemu ya mavuno.

Kama wewe ni mfanyakazi, jifunze unachokiuza, useme kweli juu yake, na udai haki yako kwa adabu bila kuogopa. Na kama wewe ni mtumishi wa Mungu kama mimi, kabla hujamjibu mtu kwa mstari wa Biblia, soma mistari inayofuata.

Nilimpigia kijana simu jioni ile ile nilipofika Mbeya. Nikamwomba radhi, nikampa nusu iliyobaki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndaga fijo, mchungaji." Baadaye alikwenda kwa bosi wake akazungumza naye kwa heshima, yeye na mwenzake wakiwa pamoja. Bosi hakujibu kitu kwa muda wa wiki nzima. Kisha siku moja asubuhi akachukua majaketi mawili, akachana nailoni kwa mkono wake, akaandika jina la duka kwa kalamu ya wino mzito, akasema haya ni ya mtumbwi, msiyauze. Kuhusu mabuti, makoti na taa bado wanazungumza. Tuwaombee.

Yule mzee hajarudi. Kijana ananiambia kila akiona mtu wa umri ule anaingia dukani, hutazama mlangoni. Safari yake ya mwisho ziwa lilichafuka kidogo, na kamba ya jaketi ikamkata chini ya kwapa. Sasa anajua mahali pa kuilegeza.

"Akirudi," aliniambia, "nina jibu."

Tuombe: Bwana Yesu, uliyeuvaa udhaifu wetu, utusamehe kwa yote tunayoyauza bila kuyaishi. Uwape waajiri moyo wa haki, uwape wafanyakazi ujasiri wa kusema kweli, na uwalinde wote walio majini leo. Amina.